Besi Nyingi au Besi ya Kina? Uchaguzi wa Hedifoni za Muziki wa Klabu

Muziki wa elektroniki wa klabu, kuanzia house na techno hadi drum and bass, amapiano na singeli, hutengenezwa kwa ajili ya spika kubwa zinazotikisa ukumbi mzima. Hedifoni ni kifaa chepesi kinachokaa kichwani. Tofauti hiyo ya maumbile ndiyo chanzo cha ugumu wa kuchagua hedifoni kwa muziki huu, na ndiyo pia inayozaa ushauri unaogongana. Mwuzaji dukani humwonyesha mteja boksi lenye neno la besi kwa herufi kubwa. Fundi wa studio husema besi hiyo ni ya kupakwa, kwa hiyo inunuliwe hedifoni yenye sauti bapa. DJ naye husifia ile anayoivaa kazini. Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake: wa kwanza wingi wa besi, wa pili usahihi wake, wa tatu uwezo wa kusikia katikati ya kelele. Msikilizaji anayetaka kuufurahia muziki huo nyumbani au njiani hubaki na majibu matatu, na hakuna hata moja lililokatwa kwa kipimo chake.

Muziki unadai nini

House ilizaliwa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika klabu kama Warehouse alikokuwa akipiga Frankie Knuckles. Techno ilikulia Detroit, mikononi mwa Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mitindo yote miwili ilisimama juu ya mashine za ngoma za kampuni ya Roland ya Japani, hasa TR-808 iliyotoka mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983, na tangu hapo ngoma nzito ya mpigo, ambayo watayarishaji huiita kiki, imekuwa nguzo ya muziki huu. Kiki ya 808 hulia karibu na Hz 50 na inaweza kurefushwa ikavuma kama noti ya besi. Hapo ndipo muziki wa klabu unapoachana na ule wa bendi. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutoa Hz 41, lakini sehemu kubwa ya kinachosikika katika noti hiyo ni haramoniki, yaani sauti za juu zinazozaliwa pamoja nayo kwenye Hz 82, 123 na kuendelea. Besi ya sintesaiza katika dubstep au drum and bass inaweza kukaa kati ya Hz 30 na 60 ikiwa karibu tupu, bila haramoniki za kuisindikiza. Hedifoni isiyofika huko huifuta kabisa.

Kuna basi maeneo mawili ambayo maduka huyaita kwa jina moja. Besi ya kina iko chini ya Hz 60 hivi, na huhisiwa kama mtikisiko zaidi ya kusikika kama noti. Besi ya juu iko kati ya Hz 60 na 250. Ndiyo inayotoa unene wa ngoma na uzito wa sauti ya mwanamume. Hedifoni nyingi za bei ndogo huongeza eneo hili la pili kwa sababu ni rahisi kuliongeza, na sikio la haraka dukani huliita besi kali. Nyumbani, baada ya nyimbo nne tano, kasoro hujitokeza: waimbaji wamefunikwa, kiki na besi vimeungana kuwa uvumi mmoja, na ule mtikisiko wa chini haupo.

Kigezo cha pili ni muda. House huenda kwa mipigo 120 hadi 130 kwa dakika, drum and bass 170 hadi 180, na singeli ya Dar es Salaam huvuka 200 bila taabu. Kwa kasi ya mipigo 128, kutoka kiki moja hadi nyingine ni milisekunde 469. Kwa kasi ya 174 ni 345. Ndani ya nafasi hiyo watayarishaji wengi huibana besi kila kiki inapopiga na kuiachia mara inapopita, mbinu inayoufanya muziki uwe kama unavuta pumzi. Kiwambo cha hedifoni, yaani utando unaotoa sauti, kikiendelea kutikisika baada ya kiki kwisha hulijaza pengo hilo, na mpigo hupoteza ncha yake. Kwa hiyo besi ya muziki huu hupimwa kwa mambo matatu: ukubwa wake, umbali inaoshuka, na upesi wake wa kunyamaza. Matangazo huzungumzia la kwanza tu.

Sauti za juu nazo hazipaswi kusahauliwa. Matoazi ya elektroniki hupigwa bila kupumzika kwa dakika saba nane mfululizo, na hedifoni yenye kilele kikali kati ya Hz 6,000 na 10,000 huyageuza kuwa msumeno.

Wimbi refu katika hewa ndogo

Wimbi la Hz 40 lina urefu wa karibu mita 8.5 hewani. Spika za klabu hulitoa kwa kusukuma hewa nyingi, na mwili mzima hulipokea: kifua, tumbo, nyayo. Hedifoni haiwezi kufanya hivyo, na hakuna bei inayoweza kulibadilisha jambo hilo. Inachofanya ni kubana na kuachia hewa ndogo iliyo kati ya kiwambo chake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikizibwa vizuri, kiwambo chenye upana wa milimita 40 kinatosha kushuka hadi Hz 20. Pakiwa na upenyo, shinikizo huvuja, na masafa ya chini kabisa ndiyo yanayovuja kwanza.

Katika uchaguzi wote wa hedifoni hakuna jambo linalopuuzwa kuliko hili. Mikono ya miwani, misuko minene, mtandio uliopita chini ya mto wa hedifoni, au tu umbo la taya lisiloendana na kikombe, vinaweza kuondoa besi ya kina na kuiacha ile ya juu karibu kama ilivyokuwa. Watu wawili wanaweza kuvaa hedifoni ileile, mmoja akasema ina besi ya kutisha na mwingine akaiona kavu, na wote wakawa wakweli. Mapitio yanayoandikwa na mtu mwenye kichwa kimoja hayawezi kulijua hilo.

Mito ya masikio nayo huchakaa. Ile ya ngozi ya bandia huziba vizuri ikiwa mpya, lakini joto na unyevunyevu, kama ule wa pwani ya Dar es Salaam na Mombasa, huifanya ibabuke na kugawanyika vipande, na jasho huharakisha kazi hiyo. Mito ya kitambaa laini kama mahameli haichomi ngozi sana, ila hupitisha hewa, na kwa hiyo hutoa besi pungufu kidogo kuliko ile ya ngozi. Hedifoni ambayo mito yake haipatikani dukani wala haiwezi kubadilishwa kwa ya kifaa kingine ina umri mfupi, hata spika zake za ndani zikiwa nzima.

Iafoni za kuchomeka zina faida hapa. Ncha za mpira hukaa ndani ya mfereji wa sikio, hazigusi miwani wala nywele, na ncha ya saizi sahihi huziba kiasi kwamba spika yenye upana wa milimita 10 hufika chini kuliko hedifoni kubwa ya gharama iliyo wazi. Wengi hawazijui saizi nyingine zilizomo ndani ya boksi. Hutumia ile iliyokuja imevalishwa, kisha hulalamika kwamba besi hakuna.

Hoja ya besi iliyoongezwa

Kambi ya kwanza inasema muziki wa klabu uongezewe besi kwa makusudi. Biashara ya hoja hii ilikua sana baada ya mwaka 2008, Beats ya Dr. Dre na Jimmy Iovine ilipoingia sokoni. Mwaka 2014 Apple iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3. Sony ilikuwa na mfululizo wake wa Extra Bass. V-MODA ya Marekani ilitoa Crossfade M-100 mwaka 2012 kwa wapenzi wa muziki huu hasa, na mwaka 2016 Roland, kampuni ileile ya 808, ikanunua hisa zake nyingi.

Ni rahisi kuicheka kambi hii, na mafundi wengi huicheka, lakini sayansi iko upande wake kuliko wanavyokubali. Sababu ya kwanza ni mwili uliokosekana. Sehemu ya utamu wa besi ukumbini huingia kwa kifua, na hedifoni ikiipeleka sikioni peke yake, kiasi kilekile huonekana pungufu. Sababu ya pili ilipimwa na Fletcher na Munson katika maabara ya Bell mwaka 1933: sikio husikia masafa ya chini kwa shida sauti ikiwa ndogo. Sauti ya Hz 50 huhitaji zaidi ya desibeli 75 ili ionekane sawa na sauti ya Hz 1,000 yenye desibeli 40, na kadiri sauti yote inavyopandishwa ndivyo tofauti hiyo inavyopungua. Wimbo uliosawazishwa studio kwa sauti kubwa hupoteza besi unaposikilizwa kwa sauti ya chini chumbani. Sababu ya tatu ni utafiti uliofanywa na Sean Olive na Todd Welti katika kampuni ya Harman, wamiliki wa JBL na AKG. Wasikilizaji wengi waliowajaribu walipendelea hedifoni inayolia kama spika nzuri ndani ya chumba kizuri, na spika chumbani huwa na besi iliyoinuka. Mkunjo uliotokana na kazi hiyo una besi ya desibeli kadhaa juu ya sauti za kati. Kundi dogo lilitaka besi zaidi ya hapo, na jingine lilitaka pungufu.

Udhaifu wa kambi hii uko katika utekelezaji. Mkunjo wa Harman huinua besi chini ya Hz 100 hivi na kuliacha eneo la Hz 200 likiwa safi. Hedifoni nyingi zinazouzwa kwa jina la besi hufanya kinyume: huvimba kwenye Hz 100 hadi 250 na kushuka chini ya 50. Tena, besi iliyojengwa ndani ya umbo la kikombe haiondolewi kwa urahisi. Anayesikiliza house usiku na taarabu au mahubiri asubuhi huvaa uvimbe uleule kwa vyote.

Hoja ya sauti bapa

Kambi ya pili ni ya studio. Inadai kwamba mtayarishaji amekwisha kuweka besi aliyoitaka, na kazi ya hedifoni ni kuifikisha ilivyo. Hedifoni zinazotajwa mara nyingi ni Sony MDR-7506, Beyerdynamic DT 770 Pro, Audio-Technica ATH-M50x, na kwa zilizo wazi, Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997 na HD 650 ya mwaka 2003.

Nguvu ya hoja hii ni utengano. Kwenye hedifoni isiyovimba, kiki, besi, matoazi na mwangwi husimama kila kimoja mahali pake. Anayetaka kusikia jinsi wimbo wa techno ulivyojengwa tabaka kwa tabaka, au kuufuata mwangwi mrefu wa dub techno hadi unapoishia, hatapata msaada kwenye hedifoni ya besi nene.

Hata hivyo, neno bapa lina mtego. Spika bapa inaweza kupimwa kwa maikrofoni mbele yake na grafu ikatoka mstari ulionyooka. Hedifoni inayotoa mstari ulionyooka sikioni ingelia vibaya, kwa sababu kichwa, ndewe na mfereji wa sikio hubadilisha sauti yoyote inayotoka nje, hasa karibu na Hz 3,000, na ubongo umezoea mabadiliko hayo. Kila mtengenezaji basi ana tafsiri yake ya ubapa, na hedifoni za studio zilizotajwa hapo juu hazifanani hata kidogo. DT 770 ina besi na sauti za juu zilizoinuka. MDR-7506 ni kali juu, sifa inayomsaidia fundi kusikia kasoro za rekodi lakini humchosha msikilizaji. HD 600 na HD 650, zinazosifiwa kwa sauti za kati, huanza kushuka kabla ya kufika Hz 50, yaani palepale ambapo kazi ya dubstep inaanzia. Kumshauri mpenzi wa drum and bass anunue HD 650 kwa sababu ni ya kitaalamu ni kumuuzia hedifoni nzuri ya muziki mwingine.

Hoja ya DJ

Kambi ya tatu hufuata kazi. Sennheiser HD 25, iliyotoka mwaka 1988, imeonekana shingoni mwa madijei wa vizazi viwili. Ni nyepesi, hukandamiza sikio na kuzuia kelele, kikombe kimoja huzungushwa nyuma ili sikio lisikie ukumbi, na karibu kila kipande chake hununuliwa peke yake kikivunjika. Pioneer nayo ina ukoo wake wa HDJ, na AIAIAI ya Copenhagen hutengeneza TMA-2 inayofunguliwa na kuunganishwa upya kipande kwa kipande.

Kwa msikilizaji, jambo la kuiga hapa ni uimara na vipuri. Sauti yenyewe iliwekwa kwa lengo jingine: DJ anahitaji kusikia kiki na matoazi ya wimbo unaofuata huku ukumbi ukinguruma, kwa dakika chache kila mara. Mkandamizo unaofaa kwa kazi hiyo huumiza ndewe baada ya saa moja ya kusikiliza kwa utulivu. Kwamba DJ fulani anaivaa si ushahidi kwamba huisikilizia muziki nyumbani.

Zilizofungwa, zilizo wazi na za kuchomeka

Hedifoni iliyofungwa ina ukuta mgumu nyuma ya spika. Huzuia kelele, haivujishi muziki kwa jirani, na hewa iliyonaswa huisaidia besi. Ubaya wake ni joto na mwangwi mdogo wa ndani ya kikombe unaoweza kutia ukungu kwenye besi ya juu. Iliyo wazi huacha hewa ipite nyuma. Muziki huonekana kutandaa nje ya kichwa, masikio hayachemki, lakini besi ya kina hupungua kwa zile zenye kiwambo cha kawaida kinachosukumwa na koili, na kila aliye chumbani husikiliza pia.

Kuna njia ya tatu kati ya hizo: hedifoni za kiwambo bapa, kama za Audeze na HiFiMan, ambamo utando mwembamba wenye nyaya hutikiswa wote kwa pamoja kati ya sumaku. Nyingi ziko wazi, na zikikaa vizuri kichwani hushuka hadi karibu na Hz 20 bila kulegea, tena kwa mpotoko mdogo. Kwa kiki na besi zinazofuatana upesi, kama katika psytrance ambamo noti za besi hupishana kila milisekunde 100 hivi, ndizo zinazotenganisha vizuri zaidi. Gharama yake ni uzito, bei, na mara nyingi haja ya amplifaya. Si za kuvaliwa kwenye daladala.

Iafoni za waya kutoka China, za kampuni kama KZ na Moondrop, zimevuruga mpangilio wa zamani wa bei. Wahandisi wake walisoma matokeo ya Harman na kuyatumia kwenye vifaa vya bei ya mlo wa hotelini, ndiyo maana leo iafoni ya fedha kidogo inaweza kuwa na besi ya kina safi kuliko hedifoni kubwa ya mara kumi ya bei hiyo. Kinachokosekana ni uimara wa waya na faraja ya muda mrefu. Wapo watu wasiovumilia kitu ndani ya sikio.

Waya, Bluetooth na kufuta kelele

Hofu kwamba Bluetooth huharibu besi haina msingi mkubwa. Ubanaji wa data, uwe wa SBC, AAC au LDAC ya Sony inayofika kilobiti 990 kwa sekunde, hugusa zaidi sauti za juu na ncha za matoazi. Mawimbi ya chini ni mepesi kuyabeba. Wimbo uliopakuliwa kwa ubora duni huumia vivyo hivyo juu kabla ya chini. Shida halisi ya Bluetooth ni ucheleweshaji wa kati ya milisekunde 100 na 300. Katika wimbo wa mipigo 128, milisekunde 200 ni karibu nusu ya mpigo, na hakuna DJ anayeweza kuunganisha nyimbo kwa kifaa kinachochelewa hivyo. Msikilizaji wa kawaida haoni tofauti.

Mfumo wa kufuta kelele ni jambo jingine, na kwa muziki huu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Injini ya basi au ndege hunguruma kwenye masafa ya chini, na ngurumo hiyo humeza besi ya muziki kabla haijafika kwenye ufahamu. Abiria huona hedifoni yake imekuwa nyembamba, akapandisha sauti yote, na sauti za kati zikamchoma. Ukuta wa plastiki na mito huzuia vizuri kelele za juu lakini ngurumo hupenya. Mfumo wa kufuta kelele hufanya kazi vizuri hasa chini ya Hz 1,000, yaani palepale penye upungufu. Baadhi ya hedifoni hizi zina maikrofoni ndani ya kikombe inayopima sauti inayofika sikioni na kurekebisha besi iliyovuja, kwa hiyo aliyevaa miwani au mtandio hupoteza kidogo kuliko kwenye hedifoni ya kawaida. Kasoro ni kwamba betri hufa, nyingine hubadilika sauti mfumo ukizimwa, na fundi wa mtaani hana la kufanya saketi ikiharibika.

Omu na amplifaya

Namba ya omu kwenye boksi, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, huwatia watu wasiwasi bure. DT 770 Pro huuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Ya 250 ikichomekwa kwenye simu hulia kwa sauti ndogo, basi. Mwenye simu au kompyuta ya kawaida achukue iliyo chini ya omu 80 na aliache jambo hilo hapo. Hedifoni za kiwambo bapa ni hali ya pekee: omu zake huwa chache lakini hudai mkondo mwingi wa umeme. Amplifaya ndogo haiongezi besi ambayo hedifoni haina.

Sauti kubwa na masikio

Nyimbo nyingi za klabu hubanwa sana katika hatua ya mwisho ya utengenezaji, kiasi kwamba tofauti kati ya wastani wa sauti na vilele vyake ni ndogo. Kwa kitufe kilekile cha sauti, wimbo wa techno humwaga nishati nyingi sikioni kuliko rekodi ya ala za asili. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unamruhusu mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hukata muda kwa nusu: desibeli 89 ni saa 5 kwa wiki, 95 ni saa moja na robo. Kwa kumbi, kiwango cha shirika hilo cha mwaka 2022 ni wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15. Anayetafuta hisia za ukumbi huo kwenye hedifoni humaliza posho yake ya wiki ndani ya nusu saa.

Hapa hoja ya besi iliyoongezwa hupata nguvu ambayo wapinzani wake hawakuitarajia. Kinachomfanya mtu apandishe sauti mara nyingi ni njaa ya besi. Hedifoni inayoziba vizuri, yenye besi ya kina iliyoinuliwa kwa kiasi, humpa mtikisiko anaoutaka huku sauti za kati na za juu, ambazo sikio huumizwa nazo kwa urahisi zaidi, zikibaki chini. Sharti lake ni kwamba nyongeza hiyo itumike kushusha kitufe, maana besi inayopandishwa juu ya sauti ambayo tayari ni kubwa ni mzigo mwingine tu.

Mizani

Zikipimwa pamoja, kambi ya besi ina haki kuhusu kiasi na ya studio ina haki kuhusu usafi, na ugomvi wao mwingi unakwisha kwa ikwalaiza. Programu za kurekebisha masafa sasa ni za bure au bei ndogo: Equalizer APO kwenye Windows, Wavelet kwenye Android, pamoja na vipimo vya hedifoni nyingi vilivyokusanywa katika mradi wa AutoEq. Hedifoni inayoshuka hadi Hz 30 kwa mpotoko mdogo inaweza kuongezewa desibeli 5 za besi jioni na kurudishwa kawaida asubuhi, mradi sauti ya jumla ishushwe kwa kiasi hichohicho ili mawimbi yasikatwe vichwa. Hedifoni isiyofika chini haiongezeki. Ikilazimishwa, kiwambo hupayuka na kuzalisha haramoniki za uongo. Kwa hiyo kina na usafi vinunuliwe, na wingi uongezwe baadaye.

Aina ya muziki nayo hubadilisha uamuzi, ingawa si sana kama inavyodhaniwa. Dubstep na drum and bass ndizo kali zaidi kwa kina, na hufaidi hedifoni zilizofungwa, iafoni au kiwambo bapa. House na trance husamehe. Hata hedifoni iliyo wazi yenye upungufu kidogo chini huzitendea haki kwa sababu mwangwi na sauti za waimbaji hupata nafasi. Amapiano, yenye mipigo 110 hadi 115 kwa dakika, ina besi maarufu ya log drum iliyojaa haramoniki, na sikio hujijengea noti ya chini kutokana nazo. Ndiyo maana hulia vizuri hata kwenye vifaa hafifu. Singeli, ambayo albamu ya Sounds of Sisso iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 iliifikisha kwa wasikilizaji wa nje, inategemea zaidi sauti za kati na za juu zilizoharakishwa, hivyo hedifoni kali juu humchosha msikilizaji wake haraka kuliko hedifoni isiyo na besi.

Mtu wa njiani anafaidika zaidi na iafoni ya kuziba au hedifoni iliyofungwa yenye kufuta kelele. Wa chumbani peke yake anaweza kuchagua iliyo wazi ya kiwambo bapa kama mfuko unaruhusu, au iliyofungwa ya studio kama hauruhusu. Anayejifunza u-DJ anahitaji waya, kikombe kinachozunguka na vipuri, na asitarajie kifaa hicho kimpe pia starehe ya saa tatu. Wa fedha kidogo kabisa aanze na iafoni ya waya.

Iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwingineko, nembo kwenye kikombe haithibitishi kilichomo ndani, kwani bidhaa za majina makubwa ndizo zinazoigwa zaidi. Jaribio la dakika mbili huonyesha mengi. Ichezwe sauti moja inayoteremka taratibu kutoka Hz 100 hadi 20, inayopatikana bure kwenye simu: hedifoni nzuri hushuka nayo sawasawa hadi karibu na 30, mbovu hunyamaza ghafla kwenye 60 au huanza kukoroma. Kisha uwekwe wimbo unaojulikana vizuri, kwa sauti ndogo, na vikombe vibanwe kidogo kwa viganja. Besi ikiongezeka sana vinapobanwa, hedifoni hiyo inavuja kwenye kichwa hicho, na mto mwingine au saizi nyingine ijaribiwe kabla fedha hazijatoka.